Nani Anaujua Mlango Wako?

Tarehe 27 Agosti 2014, katika mji wa Littleton, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jordan Mathewson alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akicheza gemu ya Counter-Strike. Alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, na kamera ndogo ilikuwa ikimtazama usoni. Mashabiki wake, ambao wengi wanamjua kwa jina la Kootra, walikuwa wakimfuatilia mubashara. Ghafla akasita. Nje ya chumba chake kulikuwa na vishindo, watu wakipita chumba hadi chumba. Hata kabla mlango haujafunguliwa akawaambia watazamaji kwamba anadhani ameitiwa polisi kwa uongo. Kisha wakaingia, bunduki ndefu mbele, sauti zikifoka amri. Akainua mikono, akalazwa sakafuni, akafungwa pingu. Kamera haikuzimwa hapo hapo, na dunia nzima ikaendelea kutazama.

Nimeitazama video hiyo mara kadhaa, na kinachonishika si zile bunduki. Kinachonishika ni kwamba kijana yule alikuwa na jina la jambo lile kabla halijamfikia. Hakushangaa kama anavyoshangaa mtu aliyevamiwa. Alitambua, kama mkulima anavyotambua wingu la nzige.

Jina lenyewe ni swatingi. Limetokana na SWAT, vikosi vya polisi vyenye silaha nzito vilivyoanzia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1960, vilivyokusudiwa majambazi waliojifungia na mateka. Mtu anapiga simu ya dharura na kudai kwamba katika nyumba fulani kuna mauaji yanaendelea wakati huo huo. Polisi wanakwenda mbio, vidole karibu na vifyatulio, wakiamini kwamba ndani kuna muuaji. Ndani kuna mtu anacheza gemu, au anaosha vyombo, au amelala. Siku ile ya Littleton mpigaji alidai amewapiga risasi wafanyakazi wenzake wawili na anashikilia mateka. Shule za jirani zilifungwa milango, watoto wakiwa ndani.

Mizaha ya simu za dharura ni ya zamani kama simu zenyewe. Huku kwetu Tanzania Zimamoto wamelalamika miaka nenda rudi kuhusu watu wanaopiga 114 kwa kujifurahisha, gari linatoka na moto haupo. Huo ni uovu, kwa sababu nyumba nyingine inaweza kuwa inaungua kweli. Lakini gari la Zimamoto linalokuja bure halibebi bunduki. Swatingi inachukua ahadi ile ile, kwamba ukiita msaada utaletewa, na kuielekeza kwenye kifua cha mtu.

Kwa nini warusha gemu, hawa wanaocheza mubashara mbele ya kamera? Fikiria hali ya mtu anayepiga simu ya uongo dhidi ya jirani. Lazima asubiri kusikia kilichotokea, na huenda asisikie kamwe. Mrusha gemu amewasha kamera mwenyewe. Mhalifu anapiga simu, anakaa, anatazama, na baada ya dakika chache anaona matokeo ya kazi yake kwa picha na sauti. Wanaomjua wako hapo hapo kwenye chati wakicheka naye. Mwathirika amegeuzwa kuwa mpiga picha wa unyanyasaji wake mwenyewe. Hili ndilo linalofanya uovu huu uwe tofauti na mwingine wowote ninaoujua, na ndilo linalonikasirisha zaidi: kazi halali ya kijana, saa sita au nane kwa siku za kuzungumza na wageni kwa uchangamfu, ndiyo inayotumika kama jukwaa la kumdhalilisha.

Februari 2015, huko St. Cloud, Minnesota, kijana mmoja aliyekuwa akirusha gemu ya RuneScape alisikia fujo nyumbani, akatoka chumbani, na akakuta polisi wamewaelekezea bunduki wadogo zake, watoto kabisa. Waliporuhusiwa kurudi ndani alikaa tena mbele ya kamera na kuzungumza na aliyefanya vile, huku akilia. Hakuwa akilia kwa ajili yake mwenyewe. Alimweleza kwamba wadogo zake wangeweza kuuawa.

Sasa tuje Wichita, kwa sababu yote niliyoyasema mpaka hapa yaliishia kwa watu kuamka kesho yake wakiwa hai.

Alhamisi ya tarehe 28 Desemba 2017, vijana wawili walikosana katika mchezo wa Call of Duty. Mmoja alikuwa jimbo la Ohio, mwingine Wichita, jimbo la Kansas. Dau lililowagombanisha lilikuwa dola moja na nusu. Yule wa Ohio akamtafuta mtu wa tatu, Tyler Barriss, aliyekuwa na umri wa miaka 25 na aliyekuwa Los Angeles. Barriss alikuwa ameshafungwa kwa vitisho vya uongo vya mabomu, na wiki mbili tu kabla ya siku hiyo simu yake ya uongo ilikuwa imevuruga kikao cha mamlaka ya mawasiliano ya Marekani mjini Washington. Kijana wa Wichita alipojua kwamba anatafutwa hakuogopa. Alimchokoza Barriss ajaribu, akamwachia anwani. Ilikuwa anwani ya nyumba ambayo familia yake iliwahi kuishi. Walikuwa wamekwisha kuhama.

Katika nyumba hiyo sasa aliishi Andrew Finch, mwenye miaka 28, baba wa watoto wawili, pamoja na mama yake na ndugu wengine. Finch hakuwa na habari na dau, na familia yake ilisema hakuwa hata mchezaji wa gemu.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nafasi ya kuokoa maisha. Namba ya dharura ya Marekani, 911, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, haina kituo kimoja cha nchi nzima. Ukiipiga ukiwa Los Angeles utapokewa Los Angeles. Anayetaka kuwatuma polisi wa Wichita kutoka California hawezi kuitumia hivi hivi. Kwa hiyo Barriss alipiga simu ya kawaida ya ofisi za jiji la Wichita kwa njia ya intaneti, kwa namba iliyoonekana kuwa ya huko huko. Waliopokea wakaisukuma kwenye kituo cha dharura. Mtu anayesema baba yake anakufa mbele yake amepiga simu ya ofisi ya jiji. Ukiisoma sentensi hiyo taratibu unaona kasoro. Lakini vituo vya dharura havikujengwa ili kusoma taratibu, na siwalaumu waliokuwa zamu. Wao wamefundishwa kumwamini anayelia.

Barriss alisema amempiga baba yake risasi kichwani, na kwamba anamshikilia mama yake na ndugu yake ndani ya kabati la nguo. Alisema amemwaga petroli na huenda akaichoma nyumba. Mpokea simu akamuuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile: nyumba ina ghorofa au haina? Mtu aliyekuwa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka hapo alilazimika kubahatisha. Alisema haina.

Nyumba ya akina Finch ilikuwa na ghorofa.

Polisi walikuwa wameshajipanga gizani pande mbalimbali, wakiitazama nyumba hiyo na ghorofa yake. Jibu la simu na jengo lililosimama mbele yao havikupatana, na hakuna aliyesimamisha mambo akauliza kama wako mahali panapostahili. Finch aliona taa nje, akafungua mlango, akatoka kibarazani. Mwanga ukampiga machoni. Amri zikatoka pande mbili kwa pamoja. Mikono yake ikapanda, ikashuka. Sekunde chache tu tangu afungue mlango, askari aliyekuwa ng'ambo ya barabara akiwa na bunduki ndefu alifyatua risasi moja. Baadaye alisema alidhani Finch anachomoa silaha. Finch hakuwa na silaha yoyote. Waliokuwa ndani, mama yake akiwemo, walitolewa nje katika baridi ya Desemba, wakafungwa pingu, wakahojiwa kuhusu mauaji ambayo hayakuwahi kutokea, wakati kijana wao anakata roho.

Machi 2019 Barriss alihukumiwa kifungo cha miaka 20 baada ya kukiri mashtaka 51 yaliyotokana na simu zake za sehemu mbalimbali za nchi. Kijana wa Ohio alipata miezi 15, na akapigwa marufuku kucheza gemu kwa miaka miwili akitoka. Askari hakushtakiwa. Mwaka 2023 jiji la Wichita lilikubali kuilipa familia dola milioni 5.

Kuna watu ambao, hadithi ikifika hapa, hutaka tuchague: ama Barriss ndiye muuaji au askari ndiye muuaji. Mimi nakataa kuchagua. Uongo wa Barriss ulikuwa wa kuua na miaka 20 ni haki yake. Lakini yeye hakuwa na bunduki. Aliazima bunduki za watu wengine, na akapewa kwa urahisi wa kutisha. Kumlaani peke yake kunatuacha na mlango ule ule wazi kwa Barriss mwingine. Na wamekuja wengine. Kijana wa Lancaster, California, alipiga simu za namna hii zaidi ya 375 kati ya Agosti 2022 na Januari 2024, mwanzoni akiwa na miaka 16, akitangaza huduma yake kwa malipo kama fundi anayetundika kibao. Februari 2025 alihukumiwa miaka minne.

Katika kutafuta kinachoweza kuzuia risasi ile ya Wichita, nilirudi kwenye tukio ambalo magazeti yaliliandika kama kichekesho, na ambalo kwangu mimi ndilo ufunguo wa jambo hili.

Julai 2019, Kyle Giersdorf, anayeitwa Bugha, alishinda Kombe la Dunia la Fortnite katika uwanja wa Arthur Ashe mjini New York. Alikuwa na miaka 16 na alilipwa dola milioni 3. Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 10 Agosti, alikuwa nyumbani kwao Pennsylvania akirusha mchezo mubashara. Katika rekodi unamsikia akiitwa kutoka nje ya chumba. Anaondoka. Kiti kinabaki kitupu, wenzake wanaendelea kucheza na kujiuliza amekwenda wapi. Dakika zinapita. Polisi wenye silaha walikuwa nje ya nyumba kwa simu ya uongo ya aina ile ile, na babake alikwenda kuzungumza nao.

Kisha Bugha akarudi, akakaa, akavaa vipokea sauti vyake na kueleza kilichotokea. Alisema ana bahati, kwa sababu mmoja wa maaskari anaishi mtaani kwao.

Basi. Mmoja wao anaishi mtaani kwao. Hakukuwa na mtambo wa kisasa wala sheria mpya. Kulikuwa na mtu mmoja katika lile kundi aliyeijua nyumba ile kama nyumba ya watu, aliyeweza kuyapima maneno ya simu kwa kitu alichokijua kabla simu haijalia. Nchini Tanzania tuliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo kila mahali: balozi wa nyumba kumi. Sitaki kumpamba. Balozi alikuwa pia jicho la chama, na wapo walioumizwa na taarifa zake. Kenya nayo ilipoanzisha nyumba kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, wengi walihofia umbea uliovikwa cheo. Hata hivyo ukienda kwa balozi ukamwambia kwamba mzee Fulani amemuua mkewe na ameshikilia watoto, angekujibu kwamba mke wa mzee Fulani amepita hapa sasa hivi na ndoo ya maji.

Mrusha gemu yuko katika hali iliyopinduka. Maelfu wanajua sura yake, kicheko chake, jina la paka wake, saa anayokula. Baadhi yao wanaunganisha vipande hivyo mpaka wanapata anwani, kisha wanaianika. Lakini kwenye mtaa wake mwenyewe hakuna anayemjua. Jirani anafahamu tu kwamba kuna dirisha linalowaka usiku kucha. Mtu anajulikana na wasiomtakia mema, na hajulikani na wale ambao siku moja watasimama mlangoni kwake na bunduki.

Ndiyo maana nadhani polisi wa Seattle waligusa penyewe walipofungua daftari la hiari mwaka 2018. Mji huo una watu wengi wa teknolojia na wa gemu. Mkazi anayehofia kuitiwa polisi kwa uongo anaandikisha nyumba yake mapema. Simu ikiingia ikitaja anwani hiyo, mpokeaji anaona kwenye skrini yake kwamba mwenye nyumba ameonya juu ya jambo hili, na anawapa taarifa walioko barabarani. Polisi wanakwenda vilevile, na ni sawa waende, kwa sababu hata nyumba iliyoandikishwa inaweza kupatwa na msiba wa kweli. Ila wanakwenda wakiwa na mawazo mawili kichwani badala ya moja. Kinachotakiwa ni hilo wazo la pili tu. Wichita lilikosekana ingawa jengo lenyewe lilikuwa linapiga kelele kwamba lina ghorofa.

Sheria nazo zinasaidia, polepole. Kansas ilitunga sheria yenye jina la Finch mwaka 2018. Bungeni Washington mwanamke mmoja, Katherine Clark wa Massachusetts, alipeleka muswada mwaka 2015 ili swatingi iwe kosa la jinai la nchi nzima. Miezi michache baadaye, usiku wa Jumapili, alitoka nje ya nyumba yake mjini Melrose na kukuta polisi wenye bunduki ndefu wamejaa barabarani. Nao walikuwa wameitiwa yeye. Muswada ule haukupita. Na hata ungepita, kuna wapigaji ambao sheria ya Marekani haiwafikii. Aprili 2020 babu mmoja wa miaka 60 huko Bethpage, Tennessee, alitoka nje akakuta ameelekezewa bunduki, moyo ukasimama, akafa. Waliomwitia polisi walikuwa wakimtaka aachie jina zuri alilokuwa nalo Twitter. Kijana wa Tennessee aliyeshiriki kumwandama alifungwa miaka 5. Mwenzake alikuwa mtoto, na alikuwa Uingereza.

Naandika haya kwa Kiswahili nikijua ni nani anayesoma. Wengi wenu mna kaka, dada, wajomba na shangazi huko Columbus, Minneapolis, Dallas, Toronto. Wengine ninyi wenyewe mko huko, mlifika kutoka Kigoma, Bukavu, Mombasa au Bujumbura, wengine mkipitia kambini, na sasa mna mtoto wa miaka 15 anayefunga mlango wa chumba chake na kuzungumza na watu msiowaona. Simwambii mzazi ampokonye kompyuta. Huenda ni riziki yake ya kesho, na mara nyingi ndipo walipo marafiki zake pekee katika nchi ngeni. Nasema kaa naye siku moja muangalie kamera yake inaona nini nyuma yake: bahasha ya posta, dirisha, kibao cha mtaa. Muulize kama anayemlipa au kumtumia zawadi anaipata anwani ya nyumbani. Muulize kama matangazo yake yanatoka papo hapo au yamecheleweshwa, ili anayenuia kutazama asione kwa wakati. Muulize pia, kwa upole, kama yeye au mwenzake amewahi kumtumia mtu wa namna ya Barriss, kwa sababu yule kijana wa Ohio naye alikuwa na wazazi, na alikuwa na miaka 18.

Halafu mchukue, mwende pamoja kituo cha polisi cha hapo mnapoishi. Najua ninachoomba. Wapo kati yenu ambao sare inawakumbusha usiku wa kukimbia, na wapo ambao wamesoma habari za kutosha kuhusu weusi na polisi wa Marekani kiasi cha kuapa kutogusa mlango huo. Nendeni na mtu wa msikitini au wa kanisani anayefahamika. Semeni mtoto wetu anarusha gemu, anaweza kuitiwa polisi kwa uongo, tunaomba iandikwe. Semeni nyumba ina ghorofa, mlango wa mbele uko upande gani, namba ya simu ya kupiga kwanza ni ipi. Semeni ndani yupo mama ambaye Kiingereza chake hakitoshi kufuata amri zinazofokwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Na semeni yupo babu, aliyefika mwaka juzi, ambaye mlango ukigongwa usiku huamka yeye wa kwanza, kwa sababu ndivyo alivyolinda nyumba maisha yake yote, na huenda kuufungua akiwa na bakora mkononi.